Mtu Aliyejaribu Vitasa

Ofisi ikishakuandika kuwa umekufa, kule kuendelea kwako kupumua huhesabiwa kuwa ni upungufu wa nyaraka.

Mama yake Nukta aligundua kwamba amekufa siku ya Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye foleni ya dawa. Alikwenda kuchukua vidonge vyake vya moyo kama afanyavyo kila mwezi. Binti wa dirishani akaipitisha kadi yake ya matibabu kwenye mashine, akatazama kompyuta, akamtazama mama, akatazama kompyuta tena. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, akasema mwenye kadi hii alifariki mwezi uliopita. Mama akamjibu kwamba taarifa hiyo haijamfikia.

Ilikuwa ya kuchekesha, na walicheka. Lakini vidonge vilivyobaki nyumbani vilikuwa vya siku nne tu, na daktari alishasema zamani, bila kuzungusha maneno, kwamba moyo ule ukikosa dawa kwa wiki nzima, lolote litakalotokea moyo usilaumiwe. Kwa hiyo Jumatano mchana Nukta aliomba ruhusa kazini, akampakia mama yake garini, wakaenda Ofisi ya Uhakiki ya mfuko wa matibabu kumfufua.

Nukta ni jina alilopewa na wenzake wa kiwanda cha uchapaji, ambako kazi yake ni kusoma kurasa kabla hazijapigwa chapa na kuwinda makosa. Hapitwi na nukta. Aliwahi kusimamisha mashine nzima inayochapa kalenda kwa sababu Februari ilikuwa imezawadiwa siku ya thelathini. Lakini mtu anayesoma kutwa nzima, akitoka kazini husoma kama mpishi anavyokula: huonja tu, akasukuma sahani. Balaa lote la siku ile lilianzia hapo.

Mama yake naye alikuwa mtu wa karatasi. Miaka thelathini na moja aliongoza masjala ya idara moja kubwa, na waliomwogopa walimwita Bi Faili. Wakati wake faili lilipotea mara moja tu, nalo likapatikana chini ya bosi, aliyekuwa amelikalia kwa sababu kiti chake kilikuwa kifupi. Bi Faili hakupiga kelele. Alimwomba bosi asimame, akalichukua, akamsainisha kwamba amelirudisha.

Walifika saa kumi na moja na nusu jioni. Uhakiki ulikuwa ghorofa ya tatu. Kwenye mlango wa lifti kulikuwa na tangazo la kuomba radhi kwa usumbufu wa muda mfupi. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na buibui aliyeweka makazi kwenye kona yake alionekana kuwa na wajukuu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba. Ngazi sitini na kitu zile angezipanda kwa sala, na kuzishuka kwa machela.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nipo. Na hilo ndilo ukawaambie, kwamba nipo."

Nukta akamwacha kiti cha mbele, kioo kimeshushwa upana wa kidole, simu mapajani. Akafunga milango. Mlango wa nyuma wa kushoto haukuwahi kujifunga sawasawa tangu gari ligongwe ubavu. Ukiuvuta kwa nguvu kidogo, unakuja. Familia nzima ilijua. Wezi walikuwa bado hawajaambiwa.

Karani wa dirisha namba nne alikuwa kijana mpole mwenye sweta na kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza Nukta mpaka mwisho. Akampa pole ya msiba.

"Hakuna msiba," Nukta alisema. "Yuko chini, kwenye gari."

Karani akafurahi, maana alielewa tatizo. Akaeleza kwamba mwanachama aliyekufa kimakosa hutakiwa kufika mwenyewe. Nukta akaeleza habari ya miguu. Karani akasikitika, yeye haruhusiwi kuacha dirisha kabla ya saa ya kufunga, na baada ya saa ya kufunga anakuwa raia tu kama raia wengine, hana uwezo wa kumtambua mtu kuwa hai. Lakini alikuwa na moyo mzuri. Aliinuka, akaenda kwenye dirisha la nyuma, akachungulia uani kupitia nondo. Mama alikuwa ametoa vidole kwenye upenyo wa kioo kupunga hewa.

"Naona vidole," karani alisema. "Vidole si mwanachama, kaka."

Hata hivyo kulikuwa na njia, aliongeza, akivuta droo. Faili la marehemu haliwezi kufufuliwa kabla halijafungwa. Na haliwezi kufungwa mpaka ndugu wa karibu akubali kilichomo. Kwa hiyo Nukta akubali kwanza, faili lifungwe, kisha aende dirisha namba sita, ambako kukubali kwake kutabatilishwa na mama atarudishwa hai siku hiyo hiyo.

"Ni utaratibu tu," karani alisema.

Fomu ilikuwa na maandishi madogo kama mchwa. Saa ya ukutani ilisema bado dakika kumi na mbili ofisi ifungwe. Nukta, aliyekuwa amesoma kurasa mia na themanini tangu asubuhi, aliona kitu kimoja tu: mstari wa nukta nukta uliokuwa unamsubiri. Akasaini. Karani akapiga muhuri. Puu. Akachana: nakala nyeupe ya Nukta, ya bluu ya faili, ya waridi akaitupia kwenye trei iliyoandikwa ZA KUPELEKWA.

Dirisha namba sita lilikuwa limefungwa. Kibao kilisema wateja warudi kesho.

Nukta alipogeuka kulalamika, karani wa namba nne alishaondoka na sweta lake. Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vya plastiki, kalenda, feni inayozunguka bila kupuliza mtu... Na trei nayo ilikuwa tupu.

Hakumwona aliyeichukua ile karatasi ya waridi. Wala hakusikia hatua. Alichosikia ni harufu, kwanza ya wino wa muhuri, halafu nyuma yake, polepole, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, mbichi, wa kina kirefu. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Ndipo alipoisoma nakala yake. Aliisoma kama anavyosoma kazini, kidole chini ya kila neno.

*Mimi, mtoto wa marehemu, nathibitisha kuwa aliyetajwa hapo juu amefariki, nami sina pingamizi achukuliwe.*

Akarudia. Hakukuwa na kosa la chapa.

Achukuliwe?

Alienda dirishani. Chini uani jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta, na mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu kama majivu ya jana. Gari lake lilikuwa la nne kutoka ukutani. Na kati ya magari alikuwa anatembea mtu.

Alivaa khaki, shati la mikono mifupi na kaptura iliyonyooshwa ikakata kama kisu, soksi ndefu mpaka magotini. Mkoba wa ngozi begani. Alivaa kama walivyovaa matarishi wa zamani, wale waliokuwa wakipeleka barua ofisi hadi ofisi kabla ya kompyuta. Hakuwa na haraka. Alisimama mbele ya gari la kwanza, akatazama namba, akatazama karatasi mkononi. Akaenda la pili. Akaenda la tatu.

Karatasi ilikuwa ya waridi.

Kwenye gari la nne hakutazama namba. Aliinama kidogo, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Kisha akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa dereva.

Tak.

Hata kutoka ghorofa ya tatu Nukta aliisikia. Akakimbilia ngazi. Geti la nondo lilikuwa limeshushwa na kufungwa kwa kufuli, na juu yake kulikuwa na ilani kwamba wateja waliobaki wamsubiri mlinzi kwa utulivu. Akalitikisa. Akaita mlinzi, akaita tena, sauti ikashuka ghorofa kwa ghorofa na kurudi ikiwa peke yake. Akarudi dirishani mbio.

Tak.

Mlango wa mbele wa kushoto sasa, upande aliokaa mama.

Nukta akashika nondo za dirisha akapiga kelele za mwizi. Uani kulikuwa na watu. Mwanamama mmoja alikuwa anafungua gari lake, hatua tano tu kutoka hapo. Mwanamume mwingine alikuwa anapiga teke pikipiki iwake. Wote wawili waliinua vichwa. Walichokiona ni mtu mzima ameng'ang'ania nondo za ofisi, juu, analia mwizi, mahali ambapo wezi hawana desturi ya kupigiwa kelele. Mwanamama akatikisa kichwa. Mwenye pikipiki akaondoka, na alipokuwa anaondoka alipita pale pale aliposimama yule wa khaki. Hakumkwepa.

Nukta akapiga simu. Akakosea mara mbili jina la mtu ambaye humpigia kila siku.

"Mama."

"Eeh, baba."

"Kuna mtu hapo nje ya gari."

"Namwona. Ana adabu zake. Ameshapiga hodi mara mbili."

Kwao, tangu utotoni, hodi ya magharibi haikuitikiwa mpaka ya tatu. Waliambiwa kwamba asiye binadamu hawezi kuhesabu hadi tatu. Nukta alipokua akasoma vitabu, akaicheka imani hiyo mbele ya watu. Sasa aliibana simu sikioni na kuomba iwe kweli.

Chini, mtu wa khaki aliinama kwenye upenyo wa kioo. Midomo yake ilifunguka.

Kwenye simu hakukuwa na sauti. Kulikuwa na pumzi ya mama tu, na mbali, saa yake ya mkononi.

"Ya tatu hiyo," mama alisema.

"Usimkaribishe. Mama, nakusihi, usimkaribishe."

"Nina wazimu? Ndani ya gari nitamkaribisha akae wapi?" Lakini alisema hivyo kwa kunong'ona, na mama hakuwa mtu wa kunong'ona. "Baba... huyu hana kivuli kwenye kioo cha pembeni. Nikimtazama kwa jicho yupo. Nikimtazama kwenye kioo, naona ukuta."

Tak. Mlango wa nyuma wa kulia.

Alikuwa anazunguka bila pupa. Hakuvuta kwa nguvu, wala hakuwa na waya au bisibisi. Alijaribu kila kitasa mara moja tu, kama mtu anayefuata orodha, akasogea.

Tak. Buti.

Uliobaki ulikuwa mmoja.

"Mama, sogea kwenye usukani. Piga honi. Piga honi usiache!"

"Miguu haitii," mama alisema. "Na mikono imekuwa mizito sasa. Harufu ya nini hii? Kama... kama wamechimba."

Nukta alirudi getini, akalipiga teke mpaka kiatu kikapasuka. Akarudi. Hakuwa na kitu cha kufanya, ndiyo kweli yenyewe, na ni kweli ambayo mwili hukataa kuipokea: mikono huendelea kushika nondo, koo huendelea kuita, na mama yako yuko mita kumi na tano chini yako, ungeweza kumdondoshea ua.

Mkono wa khaki ukafika mlango wa nyuma wa kushoto.

Haukulia tak.

Taa ya ndani ya gari ikawaka.

Aliona kila kitu kwa mwanga ule mdogo wa manjano. Aliona kitambaa cha kichwani cha mama, pochi yake mapajani, na mkono ulioingia nyuma ya kiti chake, mrefu kuliko mikono ilivyo, ukinyooka taratibu kuelekea begani.

Na kwenye simu akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi. Sauti ya masjala.

"Simama hapo hapo," alisema Bi Faili. "Mkononi una nini? Barua kwanza."

Mkono ukasimama.

Kisha ukarudi nyuma. Mlango ukasukumwa taratibu mpaka taa ikazimika, kama mtu aliyekumbushwa kwamba ameingia kabla ya zamu yake. Yule wa khaki akazunguka mpaka dirisha la mama, akaibandika karatasi ya waridi kwenye kioo kwa viganja viwili. Akasubiri.

Simuni mama alikuwa anatafuta miwani. Kisha akasoma. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa mguno.

"Hm."

Muda ukapita.

"Hm."

Muda mrefu zaidi.

"Hii haijakamilika," mama alisema. "Siipokei."

Mtu wa khaki aliitoa karatasi kwenye kioo, akaitazama pale alipoonyeshwa kwa kidole. Akaikunja mara mbili. Akainamisha kichwa kwa heshima kabisa, heshima ya mdogo kwa mkubwa wa kazi, akageuka. Hakuelekea langoni. Alielekea ukutani, mwendo ule ule. Nukta alipepesa jicho, na uani kukawa na magari tu na giza linaloingia.

Mlinzi alikuja akining'iniza funguo, akiuliza kelele za nini, hii ni ofisi. Alipofungua geti hakumruhusu apite; kwanza asaini daftari la kutoka. Nukta alichukua kalamu, na mkono ukamgomea. Alilisoma daftari lile kuanzia kichwa cha ukurasa mpaka chini, pamoja na jina la kiwanda kilicholichapa, ndipo akasaini. Katikati ya kusoma alisema kwamba kuna tarishi alikuwa anataka kuvunja gari lake.

Funguo zikanyamaza.

"Alivaa soksi ndefu?" mlinzi aliuliza chini kwa chini.

"Ndiyo."

"Basi hukumwona."

Walipokuwa wanashuka alimweleza nusu, na nusu hiyo aliitoa kwa mkupuo, akitazama ngazi. Zamani jengo hili lilikuwa na tarishi mmoja ambaye hakuwahi kurudi na barua. Uwe umehama, umejificha, uwe umelala na mke wa mtu, barua yako ingekukuta. Ukafika wakati wake wa kustaafu. Bosi wa siku zile hakutaka kumpoteza. Na badala ya kumwongezea mkataba kwa barua, akamwongezea kwa mganga. Alipokufa hakuna aliyemwona mgonjwa, na kesho yake barua ziliendelea kufika.

"Sasa mganga yule alishakufa. Bosi alishakufa," mlinzi alisema. "Na mkataba hawakuuwekea tarehe ya mwisho."

Mama alikuwa anapangusa miwani kwa ncha ya kanga. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini sauti ilikuwa yake. Vitasa vyote vya gari vilikuwa na alama ya dole gumba la wino wa zambarau, moja kila kimoja, safi, mistari yote inasomeka, kama kwenye fomu. Nukta alizisugua kwa leso, zikang'aa zaidi.

"Ilikosa nini?" alimwuliza alipowasha gari.

"Inataka watoto wawili wa marehemu. Umesaini mmoja." Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomchoma Nukta zaidi. "Nikamwambia akaikamilishe."

Watoto wa Bi Faili walikuwa wawili. Wa pili, Kitindamimba, alikuwa nesi katika mji ambao ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Nukta alipiga breki katikati ya barabara. Akampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, mara sita, huku magari ya nyuma yakimtukana. Kitindamimba alikuwa zamu ya usiku, na wodini kwao simu hubaki kabatini mpaka asubuhi. Akamwandikia: *Usisaini kitu chochote. Chochote. Nipigie.* Akapiga simu ya mapokezi ya hospitali. Mpokeaji akaahidi kufikisha ujumbe, kwa sauti ya mtu ambaye ameshausahau.

Njiani walipitia kituo cha polisi, maana ukishindwa kabisa unakwenda polisi. Afisa wa zamu alifungua daftari akaandika kwa mwandiko mzuri: jaribio la kuvunja gari. Akauliza kilichoibiwa. Hakuna. Kilichovunjwa? Hakuna. Silaha? Hakuwa nayo. Mtuhumiwa alisema nini?

"Alipiga hodi," Nukta alisema.

Afisa akaweka kalamu chini. Akaeleza kwa upole kwamba hodi si kosa la jinai, na kwamba kama raia wengi zaidi wangepiga hodi, kazi yake ingekuwa nyepesi. Akawatakia safari njema.

Usiku ule Nukta hakulala. Alikaa sebuleni na simu. Alipiga kila nusu saa. Chumbani kwake mama alikoroma vizuri tu, mkoromo wa mtu aliyemaliza kazi za siku, na Nukta aliuhesabu kila mkoromo kama anayelinda mali isiyo na bima.

Kulikucha. Jua likatoka. Muuza maziwa akapita akipiga kengele ya baiskeli yake, watoto wa jirani wakagombana kuhusu soksi, na dunia ikawa ya kawaida kiasi kwamba Nukta aliona aibu. Akachemsha chai. Akamwekea mama kidonge chake kwenye kisosi. Mama alitoka amevaa, akaketi, akavuta kikombe.

Saa moja na dakika ishirini simu ikaita.

"Kaka, kuna nini? Simu ishirini na mbili. Mama mzima?"

"Mzima. Sikiliza, Kiti. Kuna mtu atakuja na fomu. Usisaini."

Upande wa pili ilisikika wodi ikibadilishana zamu, vitanda vya magurudumu, mtu akicheka.

"Ya waridi?" aliuliza Kitindamimba.

Nukta aligeuka kumtazama mama.

"Mbona nilishasaini jana. Alikuja mapema, ndiyo kwanza naingia zamu, saa kumi na mbili na robo hivi. Babu mmoja na soksi zake. Nikajua ni mambo ya kadi ya mama uliyosema unakwenda kurekebisha. Akaniambia wewe ndiye umemtuma." Sauti yake ikaanza kupanda. "Na sahihi yako ilikuwepo, kaka. Niliiona. Si uliisaini wewe?"

Saa kumi na mbili na robo Nukta alikuwa bado kwenye ngazi, anamsikiliza mlinzi.

"Kaka? Nilisaini nini?"

Alishusha simu. Mama alikuwa anamtazama juu ya kikombe. Kidonge kilikuwa bado kisosini.

"Amesaini," mama alisema.

"Mama, tutakwenda kwingine. Sasa hivi. Nachukua gari, tunakwenda popote, hata..."

"Gari." Alitabasamu kidogo. "Lile lenye dole lake kwenye kila mlango?"

"Ulimkataa jana. Mkatae na leo. Mwambie tena!"

"Sikumkataa, mwanangu. Nilisema haijakamilika." Aliweka kikombe chini, akakunja kanga yake vizuri begani. "Miaka thelathini na moja nimewarudisha watu wazima wakilia kwa sababu ya sahihi moja. Waliporudi nayo, niliwapokea. Nianze leo kudanganya?"

Nje geti dogo lililia. Kisha hatua, taratibu, kwenye kokoto. Muuza maziwa alikuwa bado barabarani. Kengele yake iliendelea kama hakuna aliyempita. Harufu ikaingia kwa chini ya mlango kabla ya mwenyewe, wino, na nyuma ya wino udongo.

Nukta aliruka akauegemea mlango kwa mgongo. Akakaza miguu sakafuni. Kwenye simu iliyoanguka Kitindamimba alikuwa anaita, kaka, kaka, kwa sauti ndogo ya mdudu.

Mlango haukusukumwa. Uligongwa tu, kwa kifundo cha kidole, usawa wa moyo wake. Na safari hii sauti aliisikia. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mzee mpole aliyetembea sana.

Hodi ya kwanza. Ya pili.

Ya tatu.

Nukta alifumba macho akazidi kuegemea. Nyuma ya mbao alisikia mtu akisubiri, na kusubiri kule hakukuwa na mwisho. Mbele yake alisikia kiti kikirudishwa nyuma, kandambili zikiburuzwa sakafuni, zikimjia. Mkono wa mama ukamshika shavu. Ulikuwa bado wa moto.

"Sogea, baba," alimwambia. "Unamweka mtu nje."